Sauti ya Hawe Nyevu

Dama mwanangu,

Kesho ukiamka hutanikuta. Baba yako ndiye atakayekupeleka Miritini kupanda treni. Najua utasema moyoni, mama bado ana hasira. La, mamangu. Hata siku ile niliyosema maneno mabaya, hasira haikuwa yako, ingawa ni wewe uliyeangukiwa nayo. Kesho alfajiri natakiwa Kaloleni, nyumbani kwa marehemu dadake Hawe Nyevu, na wanawake walioniita hawakunipa nafasi ya kuchagua siku. Nilitaka kuwaomba wasogeze mbele ili nikusindikize. Kisha nikajiambia, mimi ndiye niliyekosa, nitakuwaje tena ndiye mwenye kupanga siku?

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sikuandikii. Baba yako amekuimbia wiki nzima hadi jirani amezijua kwa moyo. Mimi nataka kukuambia lile ambalo tumelizunguka ndani ya nyumba hii kama watu wanaozunguka ndoo iliyojaa, kila mmoja akiogopa kuimwaga. Unakwenda Marsabit kufundisha watoto wa watu, na mkobani umebeba ile kompyuta ndogo na yote uliyonifundisha mimi mamako. Naona heri ulisikie kwangu jambo lote, pamoja na yale niliyokuficha.

Unakumbuka likizo ile uliporudi kutoka chuoni ukanikuta nimeinamia madaftari hadi shingo imekakamaa? Ulinipokonya kalamu. Ukasema vitu viko mtandaoni bila malipo na sisi walimu wa zamani tunajitesa. Tukakaa mkekani, mimi na miwani yangu, wewe na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ukanifungulia ukurasa wa darasa ambapo kila mtoto ana sehemu yake, anaweka picha, anaweka maandishi, anaweka sauti. Mimi nabonyeza hadi kucha inalia kwenye kioo.

"Mama, huui siafu. Gusa tu."

"Na nikigusa vibaya?"

"Unarudi nyuma. Hakuna kinachoharibika huku, kila kitu kinarudi."

Neno hilo nililishika sana. Wewe ulikuwa ukisema habari ya vile vidude vya kwenye skrini, na kwa vidude ulisema kweli. Ni mimi niliyelichukua neno nikalipeleka kusikokuwa kwake.

Shule yetu unaijua. Mabati, joto, na malori ya makontena yanayopita Chaani hadi mwalimu anyamaze katikati ya sentensi asubiri yapite. Kuna watoto ambao kwa miaka mizima sikuwahi kuisikia sauti yao vizuri, kwa sababu kila walipothubutu kufungua mdomo, lori lilipita. Sasa mtoto akawa anajirekodi nyumbani kwa simu ya mzazi, ananitumia, naiweka kwenye ukurasa, na siku ya pili darasa zima linamsikiliza. Wewe hukuwepo kuona nyuso zao. Mtoto akisikia sauti yake mwenyewe inasoma bila kukatizwa, mgongo wake hunyooka.

Mwalimu Salim wa darasa la jirani alinitania kila asubuhi. "Haya, Mwalimu Jumwa, chaki siku hizi wamwachia nani? Kesho watuletea roboti lifundishe, sisi twende tukanywe kahawa."

"Wewe kahawa ushaanza kunywa kabla roboti halijafika."

"Wallahi unanionea!"

Ndipo Kadzo alipofunguka. Nilikusimulia wakati ule, lakini sina hakika kama ulinisikia, maana ulikuwa na mitihani yako. Ni yule msichana wa Gredi ya Sita anayeishi na bibi yake, huyo Hawe Nyevu. Babake ni kibarua kwenye yadi ya makontena, hutoka kabla ya jua na hurudi mtoto amelala. Kadzo ukimuuliza swali, midomo ilitikisika tu, sauti haikutoka. Wenzake walimwita Samaki. Siku moja akanitumia sauti yake akisoma hadithi ya kitabuni, na nyuma yake kuku analia kama anayemsahihisha. Nilipoicheza darasani, watoto walicheka kuku kisha wakampigia Kadzo makofi. Tangu siku hiyo alianza kunyoosha mkono. Nilimshukuru Mungu, nikakushukuru na wewe.

Yote haya nakuandikia usije ukadhani nakukataza. Sikukatazi. Ningekuwa mwongo.

Lakini sifa nazo zilikuja, Dama, na sifa zilinikuta nina njaa. Mimi nilianza na cheti cha chekechea. Nimekaa kwenye mikutano ya walimu nyuma kabisa, karibu na mlango, nikiwasikiliza wenye shahada. Sasa mwalimu mkuu akawa ananiita mbele. "Mwalimu Jumwa, hebu waonyeshe wenzako." Wakija wageni wa elimu, mimi ndiye ninayetolewa. Nilishona hata gauni. Ulidhani ni la Pasaka. Halikuwa la Pasaka.

Wewe uliufunga ule ukurasa. Ulinionyesha kufuli, ukaniambia wazazi waingie kwa neno la siri. Wazazi wakaanza kunisumbua. Mwalimu, inakataa. Mwalimu, inataka barua pepe, mimi mbeba magunia barua pepe nitaitoa wapi? Nikakupigia chuoni, hukushika. Basi nikaenda kwenye kufuli mwenyewe. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza, moja chini ya jingine, na la mwisho lilisema yeyote anaweza kuona. Nikaona hilo ndilo la watu kama sisi tusio na barua pepe. Nilidhani yeyote ni sisi.

Wazazi wakafurahi. Na pale chini pakaanza kuonyesha idadi ya waliotazama, ikawa inapanda. Siku nilipojua kwamba wanaotazama ni wengi kuliko wazazi wote wa shule, ningeweza kuuliza, hawa wengine ni kina nani? Sikuuliza. Ilinipendeza.

Somo lilikuwa nyimbo za nyumbani. Nikawaambia watoto, kila mmoja anitafutie wimbo wa zamani kwa mkubwa wa kwao. Zikaja nyimbo za kubembeleza watoto, zikaja za harusi, baba mmoja akaimba wimbo wa timu yake ya mpira akasema ni wa mababu. Kadzo akaleta sauti ya bibi yake. Ilikuwa ya chini, nzito, haina ngoma wala makofi, na pembeni unasikia ungo ukipepeta, shwa, shwa. Vinyweleo vilinisimama. Lugha ni ya kwetu, nilidaka neno la chungu na neno la njia, lakini mengine yalikuwa ya kale, yamekunjwa ndani ya mengine. Kwa sababu ya ule ungo nikaamua ni wimbo wa kupepeta mahindi. Nikaandika chini yake, "Wimbo wa kupepeta. Bibi yake Kadzo. Hongera sana!" Na nikaweka kile kiuso cha manjano kinachocheka.

Katika yote niliyoyafanya, kile kiuso ndicho kinachoniuma zaidi.

Na sikumuuliza Kadzo, bibi alijua? Maneno mawili tu, Dama. Ningeyauliza, angetikisa kichwa kwamba hapana, kwa sababu alisimama mlangoni na simu aliyoachiwa na babake, bibi akiwa amempa mgongo. Alitaka kuniletea kitu kizuri kuliko cha kila mtu.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaandike, maana nisipoyaandika nitayapunguza. Kuna kijana, sijui wa wapi, aliichukua ile sauti akaitia mdundo wa ngoma na picha ya mbuzi anayecheza. Wewe ulikuwa umesharudi kutoka chuoni, ukaja mbio na simu. "Mama, njoo uone! Hawe wa Kadzo amekuwa staa!" Tukacheka. Mimi na wewe, kwenye kochi la hapa sebuleni, tuliucheza tena na tena, na mimi nikatingisha mabega. Baba yako akatuuliza tumekunywa nini.

Hawe Nyevu aliusikia akiwa kwenye foleni ya maji. Alinieleza mwenyewe baadaye. Boda boda ilipita na spika, na alichosikia kwanza hakikuwa sauti yake. Alidhani ni dadake. Sauti zao zilifanana tangu usichana, hata mama yao aliwachanganya gizani, na yule dadake alikuwa amezikwa majuma machache tu nyuma, huko Kaloleni. Hawe hakwenda kuzika kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hawezi kukanyaga. Basi alipoisikia, aliweka mtungi chini akaifuata ile pikipiki. Mwanamke mzima, na miguu ile, akimfuata marehemu anayemwita barabarani. Hadi alipofika kwenye kijiwe akakuta vijana wanaucheza.

Alikuja shuleni asubuhi ya pili. Nilimwekea kiti.

"Mwalimu wa Kadzo ndiwe?"

"Ndimi, Hawe. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Wewe ni mtu wa kwetu?"

"Wa kwenu, Hawe. Baba yangu wa Rabai, mama wa huko huko Kaloleni."

"Na mamako hakukufundisha?"

Nilikuwa bado sijaelewa nimekosa nini, Dama. Nilianza hata kumsifu kwa sauti yake. Akaniinulia mkono ninyamaze. Akasema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, kwamba ule ni wimbo wa wanawake, wa kilioni, unaoimbwa wakiwa wenyewe na mwili ukiwa umeshazikwa. Una watu wa kuufungua na una watu wa kuufunga. Hauimbwi nyumbani, hauimbwi mchana wa kazi. Yeye aliuimba peke yake juu ya ungo, kwa sauti ya chini majirani wasisikie, kwa sababu alikosa kilio cha mtu wake na kifua kilikuwa kinamjaa. Hata hakuumaliza.

"Nilikuwa namlilia dadangu," akasema. "Wewe umenipigia ngoma."

Akaenda mlangoni mwa darasa akamwita mjukuu wake. Kadzo akapita mbele yangu bila kunitazama, na midomo yake ilikuwa imefungwa vile vile kama zamani.

Mchana ule mwalimu mkuu akaniita mbele ya kamati ya wazazi. Na hapa, mwanangu, ndipo penye lile tulilolizunguka. Wakaniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Mimi mitambo hii siijui. Ni binti yangu aliyenifundisha." Nilikusukuma mbele kama mtu anavyomsukuma mwenzake kwenye mvua. Mwalimu Salim alikuwepo. Aliinamisha uso akawa anatazama viatu vyake. Kadhi wala polisi hawangeniadhibu kama alivyoniadhibu kwa kutazama viatu vile.

Ulipolisikia hilo mtaani, hukunigombeza. Laiti ungenigombeza. Uliketi na simu siku nzima ukiripoti zile video, moja baada ya nyingine, unafuta hii yazuka ile, na chakula nilichokuwekea kikapoa. Nilisimama mlangoni mara kadhaa nikitaka kusema nisamehe. Nikasema, "Bando limebaki?" Hayo ndiyo maneno yaliyotoka.

Nisamehe, Dama. Sasa nimelisema.

Na lipo jingine. Juma lililopita uliponiuliza kama wimbo bado unasikika, nilikuambia umekwisha. Haujaisha. Nilikuwa kwenye tuktuk kwenda hospitali ya Port Reitz kupima presha, dereva akaufungulia. Kijana mzuri, mstaarabu, shikamoo yake imejaa mdomo. Nikamuuliza, "Mwanangu, wimbo huu ni wa nini?" Akasema, "Sijui mama, lakini ni mtamu, sivyo?" Nikamwomba anishushe hapo hapo. Nilikuficha kwa sababu nilikuona umeanza kula tena.

Nimejiuliza nilikosaje kuujua. Bibi yako, mamangu mimi, alikuwa mtu wa kwaya. Tukienda kilioni, wanawake wakishaanza kujikusanya upande wao, alinishika mkono akanitoa. "Funga masikio, Jumwa. Sisi tumeshatoka huko." Nami nilifunga, viganja vyote viwili, na nilikua nikijivunia kwamba nyimbo zile sizijui. Wenzangu walipozinong'ona kisimani mimi niliimba za kanisani kwa sauti. Sitaki umlaumu bibi yako. Alikuwa ameyaona yake, na Yesu ninayempenda nilimpata kupitia mkono ule ule ulionifunga masikio. Lakini mtu aliyefungwa masikio tangu utotoni, akija kufunguliwa ukubwani, hajui anachosikia. Nilisikia kilio nikaandika hongera.

Ndiyo maana nakuogopea, mwanangu. Mimi nilikuwa kwetu. Lugha yangu, damu yangu, pua yangu na ya Hawe Nyevu zimechongwa na mkono mmoja, na sikujua. Wewe utakuwa ugenini kabisa. Watoto wa huko watakuletea vitu vizuri vya kwao, kwa sababu watakupenda, nakujua, utapendwa. Watakuletea picha ya mzee, sauti ya mama, jina la ngamia, sijui nini. Na wewe utafurahi. Sina la kukufundisha ufanye nini hapo, maana hata mimi bado sijajua. Najua tu kile ambacho sikukifanya. Sikumtembelea yule mama. Kutoka shuleni hadi nyumbani kwake ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na mimi nilijua njia ya kuifikisha sauti yake kwa watu wasiohesabika kabla ya kujua njia ya mlango wake.

Nilikwenda hatimaye. Nilitaka kumpigia babake Kadzo kwanza nimpeleleze, Mwalimu Salim akanipokonya wazo. "Mtu akikosa huenda kwa miguu yake, hatumi simu. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Twende, mimi nitakaa nje." Akakaa nje kweli, juu ya tofali, juani, na kofia yake.

Hawe alikuwa amelala ubavu. Nikapiga magoti. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba ile sauti nimeifuta.

"Sauti yangu iko wapi, mwalimu?"

"Nimeifuta, Hawe."

"Sikukuuliza umefanya nini. Nimekuuliza iko wapi."

Nilikumbuka yote uliyonieleza kuhusu mashine kubwa za nchi za mbali zinazotunza vitu vya watu. Nikafungua mdomo nimwambie sauti yake ya kilio imekaa ndani ya mashine kwenye nchi ambayo mimi wala yeye hatuijui jina, na katika simu za watu ambao hatutawaona. Nikashindwa. Nikasema, "Sijui, Hawe."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu ambaye angalau ameambiwa kweli. Ndipo akaniambia habari za Kadzo. Wamempeleka Kaloleni kwa shangazi, kwenye boma la marehemu. Haendi shule. Hasemi. Kuna mtu mzima mmoja, Mungu amsamehe, aliyemwambia mtoto kwamba wimbo ule ukitolewa nje ovyo huita kifo kingine, na miguu ya bibi ilipozidi kuvimba Kadzo akaamini ni yeye. Shangazi humkuta amekaa kwenye kaburi akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mtoto wa Gredi ya Sita, Dama. Mwaka huu ana mtihani, lakini si mtihani ninaoulilia. Nilimfungua mdomo mtoto yule kwa mikono yangu, na ni mikono hiyo hiyo iliyomfunga, na safari hii kufuli silioni liko wapi.

"Nimfanyie nini?" nikamuuliza Hawe.

"Wewe? Huna la kumfanyia. Wimbo umeachwa wazi, lazima ufungwe. Wenye kuufunga watakaa. Nitawaambia habari zako."

Neno likarudi juzi. Watamchukua Hawe kwa gari hadi Kaloleni, atalia kilio chake pale alipolala dadake, na wimbo utaimbwa wote hadi mwisho wake na kufungwa. Kadzo atakuwepo, ingawa ni mdogo, kwa sababu ameshaugusa. Na mimi wananitaka niwepo. Niusikie kama unavyosikiwa, pamoja nao, ili mtoto aone kwamba mwalimu wake amekaa pale na hajafa, na bibi yake hajafa, na kosa limebebwa na watu wazima. Wanasema huenda akafungua mdomo. Hawakusema atafungua.

Nilimwendea mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwetu. Sikutaka kwenda kwa kificho. Alinishika mkono, ni mwanamke mwema, umekula kwake mara nyingi.

"Mwalimu, kule tulishatoka."

"Najua, dada."

"Ukienda, shule ya Jumapili sitaweza kukuachia. Watoto watauliza."

"Na mtoto anayekaa juu ya kaburi, yeye amuulize nani?"

Akalia, nami nikalia. Hakubadilisha neno lake. Kwa hivyo Jumapili ijayo darasa langu litakuwa na mwalimu mwingine, usishtuke ukisikia. Nimeomba, Dama. Nimeomba hadi magoti yamekufa ganzi, na sikupewa ndoto wala andiko. Kila nikifumba macho naletewa mtoto aliyeziba mdomo. Nimechukulia kwamba hilo ndilo jibu. Kama nimekosea tena, basi nimekosea nikiwa nakwenda kwake na si nikiwa nakaa.

Baba yako anasema niende. Amesema kwa mkato wake, "Nenda, treni nitaipeleka mimi," kana kwamba ataiendesha.

Naogopa, mwanangu. Naogopa kutopata ruhusa ya Mungu wangu, naogopa macho ya wale wanawake, na kuliko yote naogopa kwamba nitakaa pale, wimbo utafungwa, tutainuka kujifuta mavumbi, na Kadzo atabaki vile vile. Na pikipiki zitapita hapa kwetu Changamwe na sauti ile kana kwamba hakuna kilichofungwa popote.

Lipo sharti, nalo ndilo lililonikalisha kuandika leo. Nikishausikia, sitausema. Si maneno yake, si maana yake, si yaliyotendeka pale. Si kwa mume, si kwa mchungaji, si kwa mtoto wa tumbo langu. Wewe unanijua, mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango. Tangu ulipoanza kuelewa maneno nimekuambia kila kitu, hata yale ambayo binti hapaswi kuambiwa na mamake. Kuanzia kesho kutakuwa na chumba kimoja ndani yangu ambacho hutaingia. Leo bado naweza kusema, basi nimesema yote niliyonayo.

Ukinipigia ukiwa njiani, usiniulize ilikuwaje. Niulize, Kadzo amesema? Hilo nitaruhusiwa kukujibu, na jibu litakuwa ndiyo au bado. Likiwa bado, usinifariji. Niambie tu treni imefika wapi.

Na ukinisikia nimenyamaza kwenye simu, Dama, usidhani ni hasira, wala usidhani wamenitisha. Wale wanawake walimtuma mtu hadi mlangoni kwangu, na kabla ya jambo lolote akaniuliza kama niko tayari kuusikia. Akanipa siku nzima ya kufikiri, kisha akarudi kuchukua jibu.

Nimemwambia niko tayari.

Mungu wa bibi yako na wangu akutangulie huko uendako, na akupe watu wa kukuambia ukweli usoni.

Mamako,
Jumwa